Virusi 13 kwenye simu ya mama mmoja

Steshenari moja pembeni ya soko kuu, Mtwara mjini, wiki ya matokeo ya kidato cha nne. Mama amekuja kuchapisha matokeo ya mwanawe, lakini simu haimpi nafasi. Kila akiishika inatetemeka na kumletea ujumbe uleule: SIMU YAKO INA VIRUSI 13. BETRI INAHARIBIKA. GUSA HAPA.

"Shikamoo mama. Hebu lete niione."

"Marahaba mwanangu. Imeanza tangu juzi, hata usiku hainiachi nilale."

Kijana wa steshenari anafungua Chrome, kivinjari cha simu hiyo. Kile kiboksi cha juu kinachohesabu vichupo, yaani kurasa zilizoachwa wazi, hakina namba. Kina nukta mbili na herufi D, yaani :D, uso unaocheka. Ndivyo Chrome ya Android inavyofanya ukivuka vichupo 99: inaacha kuhesabu, inakucheka. Kijana anafunga vyote, anafuta na historia, anamrudishia simu pamoja na karatasi yake. Mama analipa, anashuka ngazi za baraza.

Hajafika kwa muuza korosho wa kona, simu inatetemeka.

Virusi 13.

## Swali lililobaki

Ni wiki ya tatu sasa na jambo hilo halijanitoka kichwani. Yule kijana si mzembe. Alifanya kile ambacho karibu kila fundi wa simu kuanzia Lindi hadi Masasi angefanya. Vichupo vimefungwa, historia imefutwa, kivinjari cheupe kama kilivyotoka dukani.

Sasa ujumbe unatoka wapi?

Jibu ni kwamba tunaita jina moja, "matangazo yanayojifungua", vitu vitatu ambavyo havina uhusiano wowote wa dawa. Kuna dirisha linalofunguka ndani ya kivinjari. Kuna arifa inayotumwa na tovuti. Halafu kuna programu iliyojificha ndani ya simu. Kwa macho vinafanana. Dawa ya kimoja haigusi kingine hata kidogo.

## Kujifungua, kwa maana zote mbili

Dirisha la tangazo lilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi Tripod, kampuni iliyowapa watu nafasi ya kutengeneza kurasa zao za mtandao, aliandika programu ya kufungua tangazo kwenye dirisha lake lenyewe, kwa sababu watangazaji hawakutaka bidhaa zao zionekane zimeshikana na chochote ambacho mtu ameandika kwenye ukurasa wake. Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani. Wakati huo kitu kilikuwa kimeshafunguka na kuzaa watoto na wajukuu.

Vivinjari vilijitetea. Ilipofika 2004, Firefox 1.0 ilikuja na kizuizi chake, na Internet Explorer ikapata cha kwake kwenye sasisho la pili la Windows XP. Kanuni waliyoiweka ndiyo inayotumika mpaka leo: ukurasa hauruhusiwi kufungua dirisha jipya mpaka mtumiaji aguse kitu.

Na hapo ndipo pa kukaa kidogo.

Kama kidole ndicho kibali, basi mwenye tangazo atakitafuta kidole. Anatandaza tabaka lisiloonekana juu ya ukurasa mzima, kama chandarua safi juu ya kitanda. Unadhani unagusa "Pakua" au kile kialama cha kuchezesha video, kumbe umegusa chandarua. Kivinjari kinaona kidole halali, kinaruhusu. Ndiyo sababu kwenye tovuti za filamu na mpira wa bure mguso wa kwanza unakutupa kwenye kamari, ukirudi mguso wa pili unafanya kazi. Si bahati mbaya, ndivyo ilivyopangwa.

Alama ya X nayo si ya kuaminika. Mara nyingi ile X ni sehemu ya picha ya tangazo. Ukitaka kutoka, usitafute X ndani ya ukurasa. Gusa kiboksi cha vichupo juu, kisha funga kichupo chote kutoka pale, mahali ambapo tovuti haina mkono.

Kitufe cha kurudi nyuma kinategwa vilevile. Tovuti inajaza historia kurasa ambazo hukuzifungua, ukirudi nyuma unarudi palepale. Chrome ilianza kuruka kurasa za namna hiyo mwaka 2019, lakini inaruka zile tu ulizosukumiwa bila kugusa kitu. Ukigusa hata mara moja, umehesabika.

Mipangilio ya kizuizi iko hapa: nukta tatu za juu kulia, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Madirisha ibukizi na kuelekeza kwingine. Hakikisha imezimwa, yaani madirisha hayaruhusiwi. Kwa kawaida huwa imezimwa tayari, na hilo ndilo linalowachanganya watu: wanaikuta imezimwa, wanasema "mbona bado". Bado kwa sababu lile la mama halikuwa dirisha.

## Neno moja

Ilikuwa arifa.

Mwezi Aprili 2015 Chrome ilipata uwezo mpya: tovuti inaweza kukutumia ujumbe hata kama hujaifungua. Wazo lenyewe halikuwa baya. Gazeti likupe habari, barua pepe ikuite. Tovuti inaomba mara moja, wewe unagusa "Ruhusu", au "Allow" kama simu yako iko kwa Kiingereza, kisha inaacha kipande kidogo cha programu ndani ya kivinjari. Kipande hicho kinalala. Ujumbe ukija kutoka kwenye seva, kinaamka, kinaonyesha, kinalala tena.

Hakihitaji kichupo. Hakihitaji uwe kwenye tovuti. Historia ukifuta, ruhusa inabaki palepale, kwa sababu ruhusa haikai kwenye historia.

Wiki ya matokeo ni msimu wao. Mtu anaandika "matokeo kidato cha nne" kwenye utafutaji, anaangukia tovuti isiyo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yenye rangi za bendera. Inamwambia: gusa Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti. Au: gusa Ruhusu ili matokeo yafunguke. Hakuna uthibitisho wa roboti duniani unaopita kwenye kitufe hicho. Anwani ya serikali yetu inaishia na .go.tz, na tovuti ya NECTA haihitaji ruhusa ya arifa ili usome alama za mtoto.

Mtu wa Mtwara hahitaji maelezo marefu kuelewa biashara hii. Ni kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho za mkulima kwa vipimo visivyo rasmi. Ruhusa yako inachukuliwa shambani kwa bakuli, kabla hujajua inauzwa bei gani. Kuna mitandao ya matangazo inayomlipa mwenye tovuti kwa kila mtu aliyegusa Ruhusu, kisha inauza nafasi ya kumtumia mtu huyo ujumbe kwa anayetaka: leo kamari, kesho dawa ya nguvu, keshokutwa "virusi 13".

Kuhusu hivyo virusi: tovuti haina uwezo wa kuikagua simu yako. Haiyaoni mafaili yako, haijui hali ya programu zako. Inachopata ni mambo kama aina ya kivinjari na mfumo wa simu, lugha, na makisio ya eneo kutokana na mtandao unaotumia. Inatosha kabisa kuandika "Simu yako ya Android hapa Tanzania iko hatarini". Namba 13 imetungwa kama namba ya bahati nasibu.

## Kuing'oa

Njia ya haraka ni kuusubiri ujumbe wenyewe uje. Usiuguse. Uvute chini kidogo: karibu na neno Chrome utaona jina dogo la tovuti iliyoutuma. Bonyeza ujumbe huo ukaushikilia. Simu itakuonyesha swichi ya arifa za tovuti hiyo, zima. Kwenye Chrome za karibuni kuna pia kitufe cha kujiondoa chini ya ujumbe wenyewe. Lakini hakikisha ujumbe umetoka Chrome kweli, maana wapo wanaochora kitufe bandia ndani ya picha.

Njia kamili ni kuingia Chrome, nukta tatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Hapo utakuta orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Watu wengi hawajawahi kuifungua, na ukiwafungulia hukaa kimya kidogo.

Gusa tovuti, chagua Zuia.

Zuia, si kufuta. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Ukifuta mipangilio ya tovuti, inarudi kuwa mgeni asiyejulikana, na siku utakayoifungua tena itakuwa na haki ya kuomba upya. Ukiizuia, haina tena mdomo wa kuomba.

Ukishamaliza, palepale juu zima kabisa uwezo wa tovuti kuomba arifa. Kwa mzazi ambaye simu yake ni ya WhatsApp na M-Pesa, sioni anachopoteza.

Kuna wanaokimbilia mipangilio ya simu, Programu, Chrome, Hifadhi, Futa data. Inafanya kazi, kama vile kuchoma nyumba kunavyoua panya. Alamisho (kurasa ulizozitia alama) na nywila zilizohifadhiwa zinaondoka kama hazikuwa zimeunganishwa na akaunti ya Google. Muulize mteja kabla hujagusa: unaikumbuka nywila ya akaunti yako ya mkopo wa chuo? Akisita, usiguse.

## Likija ukiwa hata hujafungua kivinjari

Tangazo linalojaza skrini nzima ukiwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu, au unapomaliza kuongea, halitoki kwenye tovuti. Hilo ni la programu. Usipoteze muda ndani ya Chrome.

Likiwa bado kwenye skrini, gusa kitufe cha mraba cha programu za karibuni. Kadi ya mbele ina jina na alama ya mwenye tangazo. Wakati mwingine jina ni tupu au alama ni nyeupe, na hiyo yenyewe ni taarifa: programu ya kweli haioni haya kujitaja. Bonyeza alama hiyo ukaishikilia uende kwenye maelezo yake, kisha iondoe.

Ukikosa hapo, fungua mipangilio ya simu, Programu, Ufikiaji maalum, kisha sehemu ya kuonyesha juu ya programu nyingine. Android 10 ya mwaka 2019 ilizibana programu zisijifungue zenyewe kutoka nyuma ya pazia, kwa hiyo za matangazo hupenda sana ruhusa hii. Tochi haina sababu ya kukaa juu ya programu nyingine. Kisomaji cha QR hakina sababu. "Kisafisha simu" ndicho cha kwanza kutiliwa shaka, na inachekesha kwa namna ya kuumiza, kwa sababu wengi walikipakua baada ya kuambiwa wana virusi 13.

Kitufe cha kuondoa kikigoma kwa rangi ya kijivu, programu imejipa cheo. Tafuta "msimamizi wa kifaa" kwenye mipangilio, mvue cheo, kisha rudi umwondoe. Ikiwa tangazo linakukatiza kabla hujamaliza hatua hizo, washa simu katika hali salama: shikilia kitufe cha kuwasha, kisha shikilia neno Zima mpaka ikuulize. Simu nyingi hufuata njia hiyo. Katika hali hiyo programu zote ulizopakua zinalala, unafanya kazi kwa amani.

Programu mnazorushiana simu kwa simu, kijiweni au ndani ya basi la Newala, zinaweza kuwaleta wageni hawa. Ndiyo, zinaokoa bando. Najua.

## Tabu

Turudi kwa uso unaocheka. Kichupo kwa Kiingereza ni "tab", na ukiliongezea irabu mwishoni kama tufanyavyo, linapata jina linalolistahili.

Vinafikaje mia? Hakuna anayekaa akafungua vichupo mia. Kila kiungo unachogusa kwenye WhatsApp kinafungua kichupo kipya Chrome. Ukimaliza kusoma unarudi WhatsApp kwa kitufe cha nyumbani, kichupo kinabaki. Magrupu matano, viungo vitatu kwa siku, mwezi mmoja: hesabu imekamilika bila wewe kukusudia. Ongeza chandarua cha matangazo, kila mguso unazaa kingine.

Kuna imani kwamba vichupo vingi vinamaliza bando. Nami nilikuwa tayari kuipuuza, maana kichupo kilicholala hakipakui kitu. Ila kuna upande wa pili. Simu yenye RAM ya GB 2 haiwezi kushika kurasa nyingi kwa pamoja. Android inazitoa kwenye kumbukumbu, inabakiza anwani na picha ya ukurasa. Ukirudi kwenye kichupo hicho, ukurasa unapakuliwa upya. Ukurasa wenye picha na matangazo unaweza kubeba MB 2 na zaidi, na mtu anayeruka kati ya vichupo sita akitafuta kile cha jana ameilipia safari hiyo yote. Kwa anayejua bei ya ndoo ya maji Newala wakati wa kiangazi, hiyo ni kumwaga.

Ubaya zaidi ni fomu. Umejaza nusu ya maombi ya kazi, umetoka kidogo kutafuta namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, kwenye picha zako, unarudi: ukurasa mweupe unapakia. Kila ulichoandika kimekwenda. Hapo si tovuti iliyokosea, ni simu iliyokosa nafasi. Kabla ya kuanza fomu ndefu, funga vichupo vingine na programu nyingine, na andika majibu marefu kwenye daftari la simu kwanza.

Kufunga vyote: gusa kiboksi cha vichupo, nukta tatu, Funga vichupo vyote. Ukijuta, neno Tendua hukaa chini kwa sekunde chache tu. Chrome mpya huvitenga zenyewe vichupo ambavyo hujavigusa kwa siku 21, kwa hiyo namba inaweza kupungua bila ya mkono wako. Usishtuke.

Lakini watu wengi hawafungi kwa sababu wanaogopa kupoteza. Kichupo kimekuwa kabati. Kwa ajili hiyo kuna nyota ya alamisho kwenye menyu, na kuna mshale wa kupakua unaouhifadhi ukurasa usomeke bila mtandao. Kwa matokeo, tumia Shiriki, Chapisha, Hifadhi kama PDF. Faili hilo halitaomba bando tena, hata ukilifungua Liwale ambako mtandao unakuja na kuondoka.

## Kompyuta ya steshenari

Hapa hali ni mbaya kwa sababu Ruhusu ya mteja mmoja inawaangukia wote. Kwa siku wanakaa watu thelathini kwenye kiti kimoja, kila mmoja anaacha arifa yake pembeni kulia mwa skrini.

Mpe mteja dirisha la mgeni. Kwenye Chrome gusa picha ya akaunti juu kulia, chagua hali ya wageni. Akifunga, kila kitu kinaondoka naye: akaunti yake ya barua pepe, vidakuzi, ruhusa. Kwenye dirisha la kawaida, ingia Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, Arifa, uzime kabisa.

Tangazo likiziba skrini yote na sauti ya kike ikimwamuru mteja apige simu, shikilia Esc. Likigoma, Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua Chrome, ikomeshe. Ukiifungua tena itakuuliza kama irejeshe kurasa. Kataa. Wengi wanakubali kwa mazoea na kumkaribisha mgeni yuleyule.

Kama ukurasa wa mwanzo umebadilika na utafutaji unakwenda kwa wasiojulikana, angalia viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari. Mara nyingi ni "kigeuza PDF" ambacho mteja alikiweka ili apunguze ukubwa wa cheti chake. Na kama kompyuta bado ni ya Windows 7, toleo la mwisho la Chrome linaloikubali ni la 109, la Januari 2023. Kuna mitego mingi iliyozibwa baada ya hapo, marekebisho hayo wewe hukuyapata.

## Kuziba kwenye bomba

DNS ni kama kitabu cha simu kinachogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake. Android 9 na kuendelea zina DNS ya faragha, kwenye mipangilio ya mtandao. Ukiandika dns.adguard-dns.com kama jina la mtoa huduma, maombi mengi ya matangazo yanakataliwa kabla hayajapakuliwa, kwenye kivinjari na kwenye programu pia. Bando linapona kidogo. Nasita kumwekea kila mtu, kwa sababu Wi-Fi ya hoteli au chuo inayotaka uingie kwanza kwa ukurasa wake inaweza kugoma, na mzee wa Mikindani ambaye hakumbuki ulimwekea nini atakaa siku nzima bila mtandao. Ukimwekea mtu, mwonyeshe pa kuizimia.

Firefox ya Android inakubali viendelezi, na uBlock Origin juu yake ni kizuizi kizito kuliko chochote cha Chrome ya simu, ambayo haikubali viendelezi kabisa.

## Orodha ya yule mama

Alirudi barazani kesho yake, na safari hii kijana alianza na Arifa. Tovuti kumi na moja. Tatu zilikuwa na neno "matokeo" kwenye jina, mbili za filamu, moja ya mapenzi ambayo kila mtu alijifanya hakuiona. Nyingine majina yake yalikuwa herufi na namba tupu. Kijana akazuia moja baada ya nyingine, kidole kikafika kwenye ya mwisho, tovuti ya gazeti.

"Hiyo usiiguse mwanangu," mama akasema. "Ndiyo iliyokuwa inaniletea bei za mnada wa korosho."

Akaiacha.